Jicho Kali na Mtia Wino

4 Februari

Kitinda,

Barua yako ilifika Jumanne, nikaisomea pale pale kwenye benchi la kiwandani huku vumbi la ngozi likinidondokea mabegani. Mimi mzima. Viatu navyo vizima, isipokuwa jozi mia mbili nilizorudisha juzi kwa sababu mshono wa kisigino ulikwenda upogo. Msimamizi akaniuliza, "Wewe bwana, nani atalala chini kutazama kisigino cha mwenzake?" Nikamwambia mimi. Nimeajiriwa kutafuta kasoro na ninazitafuta.

Sasa tuje kwenye mambo ya maana. Umesoma Ngurumo, lile jarida letu la katuni, toleo la thelathini na moja? Kama bado, weka barua hii chini ukanunue kwanza. Ngurumo, shujaa wetu fundi umeme, anapanda nguzo, anashika waya kwa mikono mitupu, mji mzima unazimika. Mchoraji wake, Kidole, amekichora kisanduku kile cha picha kutokea juu, mabega ya shujaa yamejaa ukurasa na watu kule chini ni kama punje za mtama. Hakuna mchoraji mwingine anayethubutu. Wale wa jarida la Watano wa Chuma wanachora misuli hata masikioni. Na Bibi Kioo, niliyempenda kwa sababu kila akipiga ngumi alikuwa anapata ufa, siku hizi wamemfanya asipasuke kabisa. Shujaa asiyepasuka wa nini?

Ila kuna jambo linaniwasha. Tangu toleo la ishirini na tisa, yule anayepitisha wino juu ya penseli za Kidole amebadilika. Jina lake hawaliandiki, lakini mimi nimeona. Nikishamchunguza vizuri nitakwambia. Tena nimeamua kuanza kuandika kwenye ukurasa wa barua wa jarida, kwa jina la Jicho Kali. Usicheke.

Mama anaendeleaje? Mwambie mwanawe wa kwanza anamsalimu.

Kaka yako


15 Februari

Kaka,

Sijacheka. Jina linakufaa. Tangu utotoni ulikuwa unahesabu vidole vya kila shujaa kabla hujasoma hadithi, na ukikuta vinne unanifuata mpaka jikoni kunionyesha.

Mama haamki mwenyewe tena. Asubuhi namkalisha, namwegemeza ukutani kwa mito miwili, kisha naburuta meza yangu hadi kitandani kwake nifanye kazi huku namwona. Akikohoa naweka kalamu chini. Anakuulizia kila siku, na kila siku namwambia uko njiani. Jana ameniuliza hiyo njia yako inazungukia wapi. Njoo hata siku tatu.

Kuhusu huyo mtia wino wako: ukishamchunguza niambie ukweli. Usimpambe. Mseme kama unavyowasema wale wa viatu.

Mdogo wako


16 Februari

Kwa Mhariri wa Ngurumo,

Kurasa zote ishirini na mbili za toleo la thelathini na tatu zimo humu, zimekauka. Ukurasa wa tisa Kidole hakumalizia mkono wa kushoto wa shujaa, nimeumalizia mwenyewe moja kwa moja kwa wino. Akiona vibaya nitaufunika kwa rangi nyeupe.

Naomba nikumbushe habari ya jina. Najua desturi ya ofisi: mtia wino haandikwi jina mpaka atimize matoleo kumi na mawili, kwa kuwa wengi hukimbia kabla. Mimi sikimbii, na toleo la arobaini ndilo langu la kumi na mbili. Nina kaka anayesoma kila toleo kwa makini kuliko hata ninyi mnaolitoa, uniwie radhi. Hajui kama ni mimi; anadhani bado nanakili ramani za viwanja. Nataka auone mstari kabla ya kuliona jina. Akiusifu bila kujua ni wa nani, nitajua ni mzuri kweli, ndipo jina likae chini ya la Kidole nami nimwonyeshe. Sina ninachokingoja kingine.

Mtia wino


2 Machi

Dada Mtia Wino,

Mkono wa kushoto umepita. Kidole anadhani aliuchora yeye, tumemwacha na furaha yake.

Jina lako nimeliandika kwenye kalenda ya ukutani, kwenye toleo la arobaini. Nakutahadharisha jambo moja. Mwenye jarida siku hizi anasoma ukurasa wa barua kuliko anavyosoma hadithi zenyewe. Kuna msomaji mpya anajiita Jicho Kali. Ana ulimi mkali lakini anajua anachokisema, na barua yake moja ikichapwa zinafuata ishirini za kumuunga mkono. Huyo akikusifu, umepona. Kaza mkono.

Mhariri


9 Machi

Kitinda,

Umetaka ukweli, haya kaa chini.

Ana mkono wa mtu mwoga. Anaifuata penseli ya Kidole kama mtoto anayevushwa barabara. Mstari wa wino unatakiwa uwe na pumzi: unenepe pale uzito ulipo, usinyae pale mwanga unapopita. Wa huyu una unene mmoja kutoka kisigino hadi utosini, kama mtu anayenakili ramani. Tena nisikuonee, hata wewe na viwanja vyako pengine ungemshinda. Ngurumo akiruka haonekani kuruka, anaonekana kupangwa hewani. Mvivu si mvivu, hilo namkubalia. Anajitahidi. Lakini kiatu hakivaliwi kwa sababu fundi alijitahidi.

Kuja kwa sasa siwezi. Tuna oda ya jozi elfu nne za viatu vya shule na likizo zimefungwa. Mpe mama pole. Mwambie nikimaliza oda nakuja.

Kaka yako


18 Machi

Kaka,

Mama yuko hospitali tangu jana. Wodi ya wanawake, kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Ni pumzi. Daktari anasema "tutaona," lakini mimi nimeshaona. Wanaruhusu mtu mmoja kukaa naye, kwa hiyo nipo mimi, na kazi zangu nimekuja nazo, nafanyia kwenye benchi la korido.

Usinijibu kwa habari za Bibi Kioo. Njoo.

Mdogo wako


27 Machi

Kitinda,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimeomba ruhusa, wamenikatalia. Msimamizi amesema mpaka oda itoke.

Najua umesema nisikuandikie habari za Bibi Kioo, ila nikikaa kimya naiona hiyo korido, kwa hiyo nivumilie. Toleo lake jipya wamemleta mchoraji kijana anayependa vivuli. Kila chumba giza, kila uso nusu. Anadhani giza ni ukomavu. Na mwandishi naye amemfufua yule adui wa toleo la kumi, ambaye tulimwona kwa macho yetu akisagwa na treni. Hadithi ambayo ndani yake watu hawafi, mimi siamini tena hatari yake. Ukurasa wa kumi na mbili tu ndio umenigusa, pale Bibi Kioo anapojitazama dirishani asijue yupi ni yeye.

Mwambie mama asijichoshe kunisubiri. Hapana, mwambie anisubiri.

Kaka yako


21 Aprili

Kaka,

Miwani yako uliisahau juu ya dirisha, nimeifunga ndani ya bahasha hii. Siku mbili ulizokaa zilikuwa chache, lakini ulifika, na majirani waliona mwana wa kwanza akitupa udongo kaburini. Kwao hilo latosha.

Kuna jambo nilitaka kukwambia ulipokuwa hapa. Ulikuwa unakula kwenye meza yangu, sahani yako imekaa juu ya furushi lililofungwa shuka, ukaniuliza ni nini, nikakujibu ramani. Nilifungua mdomo kusema zaidi, wakaingia wageni wengine wa msiba. Basi likapita.

Nimefua shuka za mama, bado sijazikunja.

Mdogo wako


17 Mei

Kwa Mhariri wa Ngurumo,

Nimenunua toleo la thelathini na nne na ningeweza ningelirudisha, kama ninavyorudisha kiatu kibovu kazini kwangu.

Nilimvumilia mtia wino wenu mpya kwa matoleo matano. Uvumilivu umekwisha ukurasa wa kumi na nne. Kuanzia hapo hadi wa kumi na saba mstari unayumba. Jengo lililosimama imara linaonekana limelewa. Uso wa mjane anayeokolewa na Ngurumo umetiwa wino mara mbili, mstari juu ya mstari, kana kwamba mtu aliinuka, akaenda zake, akarudi akiwa amesahau alipoishia. Ukurasa wa kumi na sita kuna tone limeanguka angani na hakuna aliyejali kulifuta. Nauliza: mtu huyu alikuwa na shughuli gani nyingine? Kazi hii haimtaki mwenye shughuli mbili.

Kitu pekee cha kusifiwa mwaka huu ni mkono wa kushoto wa Ngurumo, toleo lililotangulia, ukurasa wa tisa. Mkono ule uko hai. Bila shaka Kidole aliutia wino mwenyewe, maana huyu mwenzake hauwezi.

Mtoeni, kabla hajatuharibia shujaa.

Jicho Kali


6 Juni

Dada Mtia Wino,

Nimeichelewesha barua hii kadiri nilivyoweza. Wasomaji arobaini na moja wameandika kumuunga mkono Jicho Kali. Mwenye jarida ameamua toleo la thelathini na saba liwe lako la mwisho. Nilimwambia ulikuwa unauguza mama. Akanijibu kwamba msomaji hanunui ugonjwa wa mtu. Jina nimelifuta kwenye kalenda, na mkono wangu haukuwa mwepesi.

Kuna jingine, na naona haya kulisema. Kila mwaka mwandishi wa barua bora huchorwa ndani ya hadithi, kisanduku kimoja. Mwaka huu ameshinda Jicho Kali. Penseli ya Kidole iko ukurasa wa ishirini: mtu barabarani ananyosha kidole juu, anamwonyesha Ngurumo ukuta unaoanguka. Uso umeachwa wazi, uuchore wewe. Picha aliyotuma nimeiambatanisha.

Nisamehe.

Mhariri


14 Juni

Kwa Mhariri,

Kurasa za mwisho hizi hapa. Picha nakurudishia, sikuihitaji. Hukunikosea kitu, umefanya kazi yako.

Nakuomba usimwambie mtu chochote. Mengine nitayasema mwenyewe.

Mtia wino


9 Agosti

Kitinda!

Kaa chini. Toleo la thelathini na saba, ukurasa wa ishirini, kisanduku cha tatu. Ni mimi! Mimi mwenyewe, nimesimama barabarani, namwokoa Ngurumo asiangukiwe na ukuta. Kiwandani wamelibandika ubaoni, hata msimamizi ameniita Jicho Kali mbele za watu. Sikukwambia mapema nilitaka ushtuke. Nilishinda barua bora ya mwaka.

Na hii ndiyo habari kubwa zaidi: wamemtoa yule mwoga! Mtia wino mpya ameshaanza, nimemjua kwa mstari wa kwanza. Huyu anajua anachokifanya. Shingo yangu ina uzito, shati linakaa kama shati, jicho moja limesinyaa kidogo kama ninavyofanya nikikagua kiatu. Hata kovu la kidevuni kaliweka, lile nililolipata nilipoanguka kwenye ngazi za jikoni tukiwa wadogo, na kwenye picha niliyowatumia halionekani vizuri. Bila shaka alitumia lenzi. Huo ndio uangalifu niliokuwa naulilia. Mtu akilalamika kwa haki, anasikilizwa.

Laiti mama angeuona ukurasa huu.

Kaka yako


18 Agosti

Kaka,

Hakuna mtia wino mpya katika toleo hilo. Ataanza lijalo. Kovu sikulitafuta kwa lenzi. Ngazi zile tulianguka wote wawili.

Ni mimi, tangu toleo la ishirini na tisa. Ramani niliacha mwaka jana. Sikukwambia kwa sababu nilitaka neno lako kabla hujajua, na nimelipata. Kila ulichomwandikia Mhariri ni kweli. Mstari uliyumba. Ukurasa wa kumi na nne niliutilia wino kwenye benchi la korido, ubao uko magotini, siku ile ile niliyokuandikia njoo. Tone la ukurasa wa kumi na sita si wino, ni dawa ya kifua ya mama, aliisukuma kwa kiwiko. Sikuwa na rangi nyeupe pale. Uso wa mjane niliuanza asubuhi, nikaitwa wodini. Niliporudi kuumalizia, mama alikuwa amezikwa na wewe ulikuwa umeshapanda gari. Ndio uliokuwa ndani ya lile shuka. Ulikula juu yake.

Umeuliza kwenye jarida, mbele ya watu wote, mtu huyu alikuwa na shughuli gani nyingine. Nadhani nimekujibu.

Mkono wa kushoto wa ukurasa wa tisa pia ni wangu.

Nilikuwa nimebakiza matoleo matatu niandikwe jina.

Mdogo wako


30 Agosti

Kitinda, mdogo wangu,

Tangu ije barua yako sijakagua kiatu hata kimoja sawasawa. Navipitisha tu.

Nina la kukiri. Ruhusa sikuomba. Nilifika hadi mlangoni kwa msimamizi nikageuka. Niliogopa kumwona mama akitafuta pumzi, nikajificha nyuma ya viatu vya shule. Hilo nalibeba mwenyewe.

Lakini na wewe ulinitendea nini? Miezi mitano unaniacha nimtukane mtu nisiyemjua, kumbe kila neno linatua mezani kwako. Mficha uchi hazai, Kitinda. Ungeniambia! Neno moja tu, "Kaka, ni mimi," ningesema ni mzuri. Ningeusifu kila mstari, ningemwandikia Mhariri kila mwezi, leo jina lako lingekuwa njiani. Kwani mimi ni mtu wa kumwangusha mdogo wake?

Nitalitengeneza. Leo hii namwandikia.

Kaka yako


30 Agosti

Kwa Mhariri wa Ngurumo,

Nimerudia matoleo yote kuanzia la ishirini na tisa na natamka hadharani kwamba nilikosea. Mtia wino mliyemtoa ni hodari kuliko wote niliowahi kuwaona. Ukurasa wa kumi na nne wa toleo la thelathini na nne ni kilele cha sanaa: mstari unayumba makusudi, kutuonyesha hofu ya mji. Uso wa mjane una mistari miwili kwa sababu mjane ana maisha mawili. Na lile tone angani ni ndege anayekimbia hatari. Ni mchoraji mkubwa tu anayeweza kumweka ndege pale. Mrudisheni upesi, na jina lake liandikwe kwa herufi kubwa.

Jicho Kali


7 Septemba

Kaka,

Usimwandikie. Kama hujaituma, ichane. Nakuomba kwa jina la mama.

Mdogo wako


3 Oktoba

Dada Mtia Wino,

Mambo yamegeuka! Barua mpya ya Jicho Kali tumeichapa na wasomaji wanararuana, nusu wanamwona msaliti, nusu wanatafuta ndege kwa kioo cha kukuzia. Mwenye jarida anacheka peke yake, ugomvi unauza. Anasema urudi mara moja, na jina lako liingie toleo la arobaini kama tulivyopatana, tena ukurasa wa kwanza: "Mtia wino aliyemshinda Jicho Kali."

Wewe na mimi tunajua lile tone si ndege. Lakini mlango ukifunguka, mtu hauulizi bawaba. Nijibu haraka.

Mhariri


11 Oktoba

Kaka,

Barua yako nimeiona kwenye jarida. Muuzaji magazeti aliniambia kuna mtu ameandika vizuri mno, nikasimama pale pale kibandani nikaisoma yote.

Mhariri amenirudisha kazini. Nimekubali, sina kazi nyingine ninayoitaka. Jina nimemwambia asiliweke, si toleo la arobaini, si la mia. Lilikuwa linangoja neno lako la siku ambayo hujui kuwa ni mimi, na siku hiyo haiwezi kuja tena.

Uliposema nina mkono wa mtu mwoga nililia, sikufichi. Kisha nikachukua karatasi chakavu nikafanya mazoezi, mnene, mwembamba, mnene, mama akinitazama kutoka kwenye mito yake na kuniuliza nafukuzana na nani. Uso wako uliobandikwa kiwandani ulitokana na karatasi zile. Ulikuwa mkatili na ulikuwa unanifundisha, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuitazama kazi yangu kwa muda mrefu hivyo. Sasa nikichora vizuri utasema ni vizuri. Nikichora vibaya utasema ni ndege. Nitakuwa natia wino kurasa ishirini na mbili kila mwezi, na hakuna hata ukurasa mmoja nitakaojua ukoje.

Usiniandikie kuomba radhi, radhi nimekupa. Kukuogopa na kukukasirikia vyote vimeniisha, na hilo ndilo linaloniuma.

Duniani nilikuwa na msomaji mmoja. Umemuua ili unipe kaka, na kaka nilimhitaji mwezi Machi.

Mtia wino